Wazazi Walionikubalia Kila Neno

Wenzangu mnaoendelea na kazi ya kuzungumza na wazazi, mmenitaka niweke kwenye karatasi yale niliyokuwa nikiwasimulia njiani. Nimekubali kwa kuwa magoti hayaniruhusu tena kuzunguka vijijini, na baiskeli yangu amekwisha kuichukua mmoja wenu, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Mambo ya vyeo sitayagusa. Mshahara nao aliyeufahamu vizuri ni marehemu mke wangu, ambaye kila mwisho wa mwezi aliutazama akacheka, kisha akaenda shambani.

Nilizaliwa upande wa Muleba, nikaletwa Karagwe kufundisha madarasa ya chini nikiwa kijana, miaka mingi kabla ya vita ile kubwa ya pili. Tulikuja kwa lori hadi Kyaka, kando ya mto Kagera, na kutoka hapo lori likatuaga. Niliyobaki nayo ilikuwa miguu yangu na sanduku la bati. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, walinipokea vizuri na kucheka Kihaya changu, ambacho walisema kinafanana na Kinyambo chao kilichopigwa na mvua. Nilifundisha miaka kadhaa katika darasa lenye madawati mazuri ya udongo na watoto wachache sana wa kuyakalia.

Wakubwa wa elimu walipoona kwamba wanamlipa mtu afundishe madawati, walitaka apatikane mwalimu wa kuzunguka vijijini, awaeleze wazazi namna ya kulea watoto wenye umri wa shule na sababu za kuwapeleka. Walinichagua mimi. Sijui walichoona kwangu. Nadhani ilikuwa sauti, maana nilikuwa naimba kanisani na nilisikika hadi nje.

Nilipewa baiskeli, kengele ya mkono, na picha kubwa zilizochorwa kwenye kitambaa ambazo nilizikunja na kuzifunga nyuma ya baiskeli, zikanyeshewa na kila mvua ya njiani. Picha moja ilimwonyesha mtoto msafi ananawa uso kwenye bomba la ukutani. Kila nilipoitundika, watu waliuliza maji yanaingiaje ukutani, na nani ameyaweka humo, na je, ukuta hauozi. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza habari za yule mtoto. Mwishowe niliitumia ile picha kufunikia ndizi zangu zisinyeshewe.

Siku ya kwanza ilikuwa Rugera, nyumbani kwa mkungu, yaani mkuu wa kijiji. Nyasi mpya zilikuwa zimetandazwa sakafuni na zilinukia vizuri. Wanaume waliketi mbele yangu, na wanawake nyuma ya kizuizi cha matete, nikawasikia wakikohoa tu. Mkungu alileta kahawa ya kutafuna, ile tuiitayo akamwani, akatia punje moja kinywani mwake kwanza ili nione kwamba ni salama, kisha akanipa zangu kwa mikono miwili. Nilipokea, nikatafuna, nikaanza kusema.

Nilisema sana. Nilieleza kwamba mtoto anayetembea mbali asiondoke na njaa, kwamba ndizi zilizobaki jana zikifungwa kwenye jani la mgomba zinamfikisha mchana bila taabu. Nilieleza kwamba asipigwe kwa kuuliza maswali, na kwamba msichana naye ana kichwa. Kila nilipotua kupumua waliitikia, "Ni kweli, mwalimu." Mzee mmoja alisema kwamba maneno haya yangewafikia zamani, Karagwe ingekuwa mbali. Walinisindikiza hadi njia kuu wakinibebea baiskeli, nami nilipanda nikiwa nimefura kwa furaha.

Jumatatu nilikwenda shule ya Rugera kuwaona watoto wapya. Hakukuwa na mtoto mpya. Mwalimu wa pale alinitazama kwa huruma, akanipa kiti.

Nilijaribu tena, na tena, kijiji baada ya kijiji, na kila mahali nilikubaliwa. Sijapata kukubaliwa namna hiyo maishani mwangu, hata siku ya harusi. Kule Mabira wazazi kadhaa walileta kweli watoto, nikashangilia, mpaka nilipogundua kwamba kila baba alikuwa amechagua yule aliyeshindwa kuchunga. Kulikuwa na darasa zima la watoto ambao kwa nyakati tofauti walikuwa wameachia ng'ombe waingie kwenye maharage ya jirani. Walikuwa watoto wazuri, wenye ndoto nyingi, na wengine walisoma vizuri sana. Lakini baba zao hawakuwatoa kwa sababu ya hotuba yangu.

Wakati huo kule Rubwera aliishi Mwalimu Damiani, Mnyambo, mtu aliyefundisha tangu mimi nikiwa nanyonya. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na alihifadhi chaki zake ndani ya kibuyu chenye majivu ili zisishike unyevu, jambo ambalo nawashauri mliige. Nilipita kwake siku moja kupumzika, nikamwambia habari za kazi yangu.

"Walikubali?" aliniuliza.

"Wote."

"Hata mmoja hakubisha?"

"Hata mmoja."

"Pole sana," alisema, na alimaanisha.

Kisha akaniuliza kama kahawa yao nilikuwa naitafuna kabla ya kusema au baada ya kusema. Nilimjibu kwamba ni kabla, maana ningewezaje kuikataa.

"Huwezi kuikataa," alisema. "Ukiikataa umesema wana sumu. Lakini ukishaitafuna umekuwa mgeni wa nyumba ile, na mgeni habishiwi akiwa bado amekalia nyasi zao. Wale hawakukudanganya, mwalimu. Walikuwa wanakukaribisha."

Mimi ni Mhaya, na kahawa hii nimekua nayo. Hata kwetu mgeni hapingwi. Lakini Muleba nilikuwa mtoto wa nyumbani, watu walinipinga wakati wote na kunifukuza jikoni, na sikupata kukaa kwenye kiti cha mgeni hata siku moja. Hapa nilikuwa nimekalia kiti hicho mwaka mzima na kudhani ni kiti cha mwalimu. Nilimuuliza Damiani nifanye nini.

"Nenda mahali watu wanapobishana bila kuvunjiana heshima," alisema. "Unajua kukamua ndizi?"

Nilijua. Ndizi za pombe zikishaiva humenywa, hutiwa kwenye gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi, huchanganywa na nyasi, na wanaume huzikanyaga kwa miguu mpaka maji matamu yatoke. Kazi ni ngumu na inateleza. Watu hushikana mabega wasianguke, na wakishikana mabega huambiana mambo ambayo nyumbani hayasemeki. Mtu huambiwa kwamba mkewe anampikia vibaya, naye anacheka na kukanyaga. Huko hakuna mgeni, kwa sababu hakuna aliyeketi.

Basi nikaanza kuulizia nani anakamua lini. Nilifika, nikanawa miguu, nikakunja suruali na kuingia. Nilikanyaga huku nikisema habari za watoto, na tangu siku ya kwanza nilipingwa mpaka nikajisikia mtu. Mmoja alisema shule inafundisha watoto uvivu. Mwingine alisema mwanawe alirudi anajua majina ya milima ya Ulaya na hajui kufunga ndama. Nilijibu nilichoweza, na nisichoweza nilikichukua nyumbani kukifikiria.

Wakubwa wangu walipata habari kwamba mwalimu wa wazazi anaonekana kwenye mitumbwi ya pombe. Niliitwa. Nilieleza kwamba yanayotoka pale ni mramba, maji matamu ambayo hata mtoto hunywa, na kwamba huwa rubisi, yaani pombe, baada ya kutiwa mtama na kulala, na mimi wakati huo nimeshaondoka. Yote hayo yalikuwa kweli, karibu siku zote. Waliniambia niwe mwangalifu na suruali ya serikali.

Sasa niwasimulie habari ya Kokugonza, ambayo wengi wenu mmeisikia nusu.

Huko Mabira aliishi mzee mmoja aitwaye Bitegeko, mwenye shamba zuri la migomba na kahawa na ng'ombe wachache. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake, Kokugonza, alikuwa amesoma madarasa mawili na mwalimu wake alimsifu kupita wote, kisha baba akamtoa shuleni ghafla. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwake mara nyingi wakati ule wa kukubaliwa. Kila mara alinipa kahawa, akaniambia, "Ni kweli kabisa, mwalimu, atarudi." Yule mtoto alikuwa akisimama mlangoni na kunitazama kwa macho makubwa, na siku iliyofuata hakurudi shule. Mwalimu wake aliniambia kwamba akikaa nje mwaka mmoja zaidi atakuwa amepitwa na umri, na hawatampokea tena. Nililala vibaya kwa ajili ya mtoto yule. Sikuwa na watoto wakati huo, na labda ndiyo sababu.

Nilisikia kwamba Bitegeko anakamua ndizi, nikaenda. Tulikanyaga mkono wangu ukiwa begani kwake na wake begani kwangu. Nikamwambia, "Mzee, Kokugonza arudi shule."

"Hapana," alisema. "Haendi."

Nusura nianguke ndani ya mtumbwi. Mtu huyu alikuwa ameniambia ndiyo kiasi cha kujaza gunia, na sasa amenipa hapana moja, nami nilifurahi kana kwamba nimepewa ng'ombe. Nilimuuliza kwa nini.

"Dada yangu haoni," alisema. "Macho yamekwisha. Mtoto ndiye anamshika mkono kwenda bustanini, kisimani, kila mahali. Mimi niko shambani. Ukimchukua mtoto, dada yangu atakaa ndani kama mzigo. Ndiye aliyenilea mimi, mwalimu. Nimwambie nini?"

Nilikuwa nimeingia katika nyumba ile mara zote zile na sikujua kwamba kuna mtu asiyeona nyuma ya matete. Nilikuwa nimesikia kikohozi chake.

Tulinawa miguu, tukaenda pamoja nyumbani kwake kumwona dada yake. Aliitwa Bi Nyamwiza, mjane, mwanamke mrefu mwenye kauli kali, ambaye kijijini kote alijulikana kwa kufuma vikapu na kwa kutokubali upuuzi. Alikuwa anafuma tulipofika, na mikono yake haikusimama. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni yule wa sauti."

"Ndiye mimi."

"Nimekusikia sana," alisema. "Umesema mtoto ale, mtoto aoge, mtoto aulize maswali. Vizuri. Mimi pia nilikuwa na swali, lakini ulikuwa na kahawa mdomoni. Huyu akienda, nani atanishika mkono?"

Nilimwambia kwamba sijui. Nawaambieni ukweli, ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mzazi hivyo. Bitegeko alitazama chini. Kokugonza alikuwa amekaa karibu na shangazi yake na kumpangia majani ya kufumia, mekundu upande mmoja na meupe upande mwingine, na hakuinua uso, maana ni yeye tuliyekuwa tunamgawana.

Nilitazama ule mpangilio wa majani kwa muda. Shule ya Mabira ilikuwa na kipindi cha kazi za mikono, na kilifundishwa na mwalimu mwanamume ambaye vikapu vyake vilivuja hata viazi. Nikamuuliza Bi Nyamwiza kama, badala ya mtoto kubaki naye nyumbani, yeye angekubali kwenda na mtoto shuleni. Angeketi barazani kivulini na kufuma, na wasichana wangeletwa kwake kipindi chao kikifika.

"Nikakae na makelele?" alisema.

"Ndiyo, mama. Yapo mengi."

Alifuma mzunguko mzima kabla ya kujibu. Kisha akamwambia Kokugonza atafute kile kitambaa chake kizuri cha kujifunga, kwa sababu hawezi kwenda kwa watu akiwa amevaa cha shambani.

Haikwenda vizuri moja kwa moja. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba kuna mwanamke barazani anayekemea darasa lake kupitia dirishani. Siku za mvua njia ilikuwa tope na wote wawili walirudi wamechafuka, na Bitegeko alisema yuko tayari kusitisha mambo yote. Lakini shangazi alikuwa amezoea. Mchana ulikuwa mrefu sana nyumbani, aliniambia, na shuleni haukuwa mrefu. Alishika hesabu za kuzidisha kwa kusikia tu na kuzikariri kwenye misiba, ambako hazikuhitajika. Na mama wengine, ambao mimi nilikuwa nimewahubiria hadi koo likauma, walianza kuleta binti zao mmoja mmoja. Walisema kwamba mahali alipo Bi Nyamwiza msichana hawezi kuharibika. Darasa lile lilijaa, na katika ripoti ofisi ilisifu picha zangu za kitambaa.

Tangu hapo nilibadili namna ya kufanya kazi hata majumbani. Niliipokea kahawa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, kisha nikaifumbata mkononi na kusema, "Nimeipokea, asanteni. Nitaitafuna mkishanibishia." Mwanzoni walishtuka. Baadaye walizoea, na palikuwa na vijiji ambako wazee walianza kubisha kabla sijashuka kwenye baiskeli. Nilijifunza kutomalizia hotuba mpaka nimsikie aliye nyuma ya matete.

Miaka ikaenda. Vita ile ikaja na kuondoa vijana, bei ya kahawa ikapanda na kushuka na watoto wakatolewa na kurudishwa shuleni kwa kuifuata. Mwalimu Damiani alifariki, na kibuyu chake cha chaki nilipewa mimi. Nilijenga Rubwera, nikaoa, nikazaa, na siku hizi wazazi wa Mabira ndio wanaokuja kudai darasa la ziada, na kutukana lisipopatikana. Kokugonza alimaliza shule, akaenda ng'ambo ya Kagera kusomea ualimu. Bi Nyamwiza alikufa katika miaka hiyo, na nilikwenda kumzika. Kokugonza alirudi akafundisha, kisha akaingia katika kazi hii yetu, na sasa nyote mnamjua na mnamwogopa. Amerithi kauli ya shangazi yake.

Nilistaafu mkanifanyia sherehe, nawashukuru. Baada ya sherehe mtu hurudi nyumbani, na nyumbani kwangu mke hayupo tena na magoti hayakunjiki. Mwanangu anayefanya biashara Bukoba aliniletea mjukuu wangu Asteria aje akae nami. Ni mtoto mwepesi, mwenye maswali mengi. Ananichotea maji, ananiletea fimbo, anawasha moto. Shule zilipofunguliwa nilisema ataanza mwakani, kwa kuwa bado hajazoea mahali.

Mwezi uliopita Kokugonza alikuja kunitazama. Aliniamkia, akaketi, na Asteria akaleta kahawa kwenye kikapu kidogo. Nikatafuna yangu, nikampa zake. Alizipokea kwa mikono miwili. Tulizungumza habari za mvua na za baba yake, ambaye bado anakamua ndizi na bado anabisha. Kisha akaniuliza Asteria yuko darasa la ngapi.

"Ataanza," nilisema. "Shule ni jambo jema sana, mwalimu. Unayosema ni kweli kabisa."

Kokugonza alifungua kiganja chake polepole, na kahawa yote ilikuwa humo, haijaguswa.

"Baba, sijatafuna," alisema. "Nibishie."

Asteria alikuwa mlangoni akitutazama. Nimesikia wazazi wengi wakisema neno lile la kubisha, na sikujua kwamba ni zito kulitoa.

"Hapana," nilisema. "Haendi. Akienda, nani atanishika mkono?"

Kokugonza akatia kahawa kinywani. "Haya," alisema, "sasa tuzungumze."

Kwa hiyo mkinitafuta asubuhi msije nyumbani, hamtanikuta. Tunaondoka mapema na ndizi zetu ndani ya jani, tunakwenda taratibu, na wenye baiskeli wanatupita. Barazani shuleni kuna kiti changu, na mwalimu mkuu amekwisha kulalamika kwamba nakohoa. Asteria hubeba kibao chake cha kuandikia upande wa kulia, na mimi hushika bega la kushoto.